Kazi Mtumba, chumba kiwe wapi: Nkuhungu, Kisasa au Nzuguni?

mgeni_makao

Habari za majukumu wakuu. Mwanzoni mwa mwezi ujao natakiwa kuripoti wizarani, Mtumba, kwenye Mji wa Serikali huko Dodoma. Gari sina, na pikipiki sitaki. Dalali amenitajia vyumba vitatu: Nkuhungu (hiki ndicho cha bei ya chini), Kisasa na Nzuguni. Nikitazama ramani naona vyote viko ndani ya jiji na tofauti si kubwa, kwa hiyo moyo unavutwa na cha Nkuhungu.

Kabla sijatuma kodi ya miezi sita, naomba wanaoujua usafiri wa Dodoma wanieleze. Daladala za Mtumba zikoje asubuhi na jioni? Nauli kwa mwezi inaweza kufika ngapi? Na ni mambo gani dalali hawezi kuniambia? Kutoka Dar nitakuja kwa treni ya SGR au kwa basi, bado sijaamua.

Suka wa Kizota

Karibu makao makuu, mkuu. Hiyo ramani ikunje kwanza, utandaze kiganja chako.

Kiganja ni mjini: Sabasaba, Majengo, Jamatini, Nyerere Square. Vidole ni barabara kuu: ya Dar es Salaam inakwenda mashariki, ya Iringa kusini, ya Singida magharibi, na ya Kondoa hadi Arusha kaskazini. Daladala zinapita juu ya vidole. Kutoka kidole kimoja hadi kingine hakuna gari la kutegemea kila siku. Unarudi kiganjani, unashuka, unatafuta jingine.

Mtumba iko kwenye kidole cha Dar, kama kilomita 17 kutoka katikati. Nzuguni iko kidole hichohicho, njiani. Kisasa iko ubavuni mwake, kusini mwa lami. Nkuhungu iko upande mwingine kabisa, ule wa Singida. Maana yake ukikaa Nkuhungu unauvuka mji mzima kwenda na kurudi, na kila safari ni magari mawili.

Nauli. Viwango vya LATRA (mamlaka ya usafiri wa ardhini) vya Desemba 2023 ni mia sita kwa njia isiyozidi kilomita 10, na zaidi ya hapo inapanda kadiri njia inavyorefuka. Kutoka mjini hadi Mtumba umeshazidi kilomita 10, lakini tuipe mia sita tu ili hesabu iwe nyepesi. Nkuhungu: magari mawili kwenda, mawili kurudi, 2,400 kwa siku. Siku 22 za kazi ni 52,800, na hiyo ni hesabu ya chini. Nzuguni: gari moja kwenda, moja kurudi, 1,200 kwa siku, 26,400 kwa mwezi. Tofauti ni 26,400. Kama chumba cha Nkuhungu hakijashuka zaidi ya hapo kwa mwezi, hiyo bei ya chini ni ya kwenye karatasi ya dalali tu.

Na pesa ndiyo sehemu nyepesi. Kinachokula siku ni gari kujaza. Hiace inatoka stendi na deni: kuna hesabu ya bosi, mafuta, ushuru, mpiga debe na posho ya konda. Kinachobaki juu ya hapo ndicho cha dereva. Kuondoka na siti tatu wazi ni kutoa mfukoni mwake, kwa hiyo haondoki. Asubuhi saa kumi na mbili gari la Mtumba linajaa kabla hujamaliza kusalimia. Saa nne hadi saa nane mchana hilohilo linaweza kukaa hadi abiria waanze kushuka kwa hasira. Anayepanda gari moja anangoja kujaza mara moja. Wewe wa Nkuhungu unangoja mara mbili, na la kwanza likichelewa unakuta la pili limeshatoka.

Sasa jambo ambalo wageni wengi hawalijui: kukatisha ruti. Asubuhi watu wote wanakwenda Mtumba, hakuna anayerudi mjini. Jioni ni kinyume chake. Kwa hiyo dereva anayepeleka abiria asubuhi kwenda mashariki anajua akifika mwisho wa njia atarudi na siti tupu kwa muda huo. Akiwa na abiria wanne tu waliobaki anawashusha Nzuguni au Ihumwa, anasema gari limepata hitilafu au mafuta hayatoshi, anageuza. Hilo ni kosa, na njia yake imeandikwa ubavuni mwa gari. Kinga yake ni mbili. Kabla ya kupanda muulize konda kwa sauti, abiria wengine wasikie: "Unafika mwisho?" Akijibu "panda tu" bila kutaja mahali, huyo hafiki. Pili, usiwe wa kwanza kutoa nauli. Konda ambaye hajakusanya bado ana sababu ya kukufikisha.

MamaTatu_Nzuguni

Suka kasema kweli ila ameitaja Nzuguni kama vile ni kituo kimoja. Nzuguni ni kubwa. Kuna mtu anakaa Nzuguni na anasikia honi za barabara kuu akiwa kitandani, na kuna mtu anakaa Nzuguni na kila asubuhi anahitaji bodaboda ili aifikie hiyo lami. Wote anuani yao ni moja.

Kwa hiyo mgeni, swali la kumuuliza dalali ni hili: kutoka mlangoni hadi kituo cha daladala ni dakika ngapi KWA MIGUU? Dakika tano za dalali ni za bodaboda. Nenda ukazitembee mwenyewe, uende saa saba mchana, ukiwa na begi. Ukizidi dakika 15 hapo kuna nauli ya tatu imejificha, maana mwezi wa kwanza utatembea, mwezi wa pili utaanza kupanda bodaboda.

Halafu tazama kilichopo katikati ya nyumba na lami. Dodoma inapata mvua msimu mmoja tu, kuanzia mwishoni mwa Novemba hadi Aprili. Miezi mingine korongo ni njia ya mchanga mkavu, watoto wanacheza mpira humo. Ukienda kuangalia nyumba mwezi wa Septemba hutalitambua kama ni mto. Mvua ikipiga saa moja huko juu vilimani, maji yanashuka yote kwa pamoja, bodaboda na bajaji zinasimama upande huu na wewe uko upande ule. Usivuke kwa sababu umeona mwenzako kavuka. Mchanga wa chini unakuwa umeshachimbwa na maji, na kina ulichokiona jana sicho cha leo. Kama kati ya chumba na kituo kuna korongo lisilo na daraja au kalavati, hicho chumba kipishe.

Kisasa ni pazuri, maji na barabara za ndani ni nafuu kuliko kwetu, sipingi. Shida yake kwa mtu wa Mtumba ni kwamba unadandia katikati. Gari limejazwa Sabasaba, linafika kwako limebana, konda anakuonyesha kidole cha "kuna lingine nyuma" na lingine la nyuma nalo limejaa. Ndiyo maana utawaona watu wa huko saa kumi na moja na nusu alfajiri wanapanda gari linaloelekea MJINI, wanalipa, wanafika stendi wamekaa, hawashuki, wanalipa tena kwenda Mtumba. Tunaita kugeuza nalo. Ni mia sita ya ziada na nusu saa ya usingizi, lakini unakaa.

Sisi wa Nzuguni tuna bahati moja. Asubuhi abiria wengi waliotoka mjini wanashukia Nanenane, kwenye kituo kikuu cha mabasi na Soko la Ndugai. Siti zinaachia pale. Kwa hiyo usisimame kituo cha kabla ya Nanenane ukilalamika magari yamejaa. Sogea hadi Nanenane penyewe, ukae upande wa kushoto kwa magari yanayotoka mjini, uwe karibu na mlango wakati watu wanashuka. Ukisubiri wamalize kushuka wote ndipo uanze kusogea, siti imekwenda.

Karani_Mtumba

Naongezea ya upande wa ofisi, maana hawa wawili wameongea ya barabarani.

Kwanza kabisa, nenda utumishi uulize kama wizara yako ina basi la watumishi, linapita njia gani na linasimama vituo gani. Fanya hivyo KABLA ya kulipa kodi, hata kwa simu. Basi la watumishi likipita mtaa fulani, huo mtaa unageuka kuwa karibu, hata uwe Nkuhungu. Ila uliza mambo matatu: linajaa au lina nafasi, linaondoka Mtumba saa ngapi jioni, na likiharibika linatumwa jingine au kila mtu anajitegemea. Lina saa yake moja tu ya kuondoka. Ukiwa na kikao kimekuburuta hadi saa kumi na moja, unarudi kwa daladala kama wengine, kwa hiyo usipange nyumba kwa kutegemea basi peke yake.

Saa za serikali ni saa 1:30 asubuhi hadi saa 9:30 alasiri. Ukitoka Dar umezoea jioni yenye foleni saa kumi na moja hadi saa mbili. Hapa wimbi la kwanza la kutoka Mtumba linaanza saa tisa na nusu kamili na ni kali kwa kama saa moja, kisha linalegea, kisha magari yanakuwa machache. Ukikosa wimbi, usiondoke ofisini saa kumi na mbili ukitegemea utakuta gari limekusubiri. Toka kabla jua halijazama.

Mji wa Serikali wenyewe ni mpana. Kushuka barabara kuu na kusema "nimefika Mtumba" ni sawa na kushuka getini ukasema umefika sebuleni. Kutegemea wizara yako iko wapi, kuna mwendo wa miguu au bajaji ya ndani. Waulize wenzako mapema, na hiyo nauli uiweke kwenye ile hesabu ya Suka. Viatu vya ofisini vibebe kwenye mfuko.

Kalenda nayo ni ya kuijua. Bunge la bajeti linaanza Aprili hadi mwisho wa Juni. Miezi hiyo mji unajaa, vyumba vya wageni vinapanda, bajaji za mjini zinakuwa na nauli ya heshima. Msafara wa viongozi ukipita kati ya Chamwino na mjini, barabara ya Dar inasimamishwa, na hiyo ndiyo barabara yetu pekee. Hakuna ujanja hapo zaidi ya kuwahi. Mwanzoni mwa Agosti kuna maonyesho ya Nanenane palepale Nzuguni; wiki ile njia ya kupita viwanjani inakwenda kwa kusukumana na magari mengi yanageuzia hapo kwa sababu abiria wapo. Wa Mtumba jioni ile anasimama sana.

mgeni_makao

Asanteni sana, hata sikujua kwamba kuna kugeuza nalo. Nkuhungu naona inaondoka mezani. Nina maswali mengine mawili. Nikija na begi mbili kubwa na godoro, SGR ni bora au basi? Na nikipanda daladala mara ya kwanza niseme nini ili nisijulikane ni mgeni?

Reli na Lami

Kuhusu SGR na basi, watu wanajibu kwa kulinganisha mwendo na kusahau mahali unaposhukia.

Treni ya SGR kati ya Dar na Dodoma ilianza kubeba abiria Julai 2024, ikazinduliwa rasmi tarehe 1 Agosti mwaka huo. Inakimbia hadi kilomita 160 kwa saa na inafika kwa saa tatu na nusu au nne hivi za safari. Nauli ya daraja la kawaida ilipangwa 31,000. Tiketi ina jina lako na namba ya kitambulisho, getini wanakagua, mizigo nayo inapita ukaguzi kama uwanja wa ndege na ina kikomo cha uzito. Godoro usijaribu.

Basi ni karibu kilomita 450. Kwa ukomo wa 80 kwa saa, vijiji vya 50, mizani na chakula cha njiani, andaa siku nzima. Lakini angalia jambo hili: basi linaingia Dodoma kutoka mashariki. Linapita Chamwino, Mtumba, Ihumwa, halafu linaingia stendi ya Nanenane, Nzuguni. Mtu wa Nzuguni anashuka amefika nyumbani. Mtu wa SGR anashuka stesheni, na kutoka hapo bado ana safari ya kuja upande wa Mtumba, pengine usiku, na mabegi. Kwa asiye na mzigo treni inashinda kwa mbali. Kwa mwenye begi mbili kubwa anayehamia Nzuguni, hesabu nauli ya bajaji au teksi kutoka stesheni kabla hujaamua.

Ukichagua treni, mambo mawili. Mwambie dereva "SGR" au "stesheni ya SGR", usiseme "stesheni" peke yake, kwa sababu stesheni ya reli ya zamani iko katikati ya mji na bado watu wanaiita hivyo. Pili, treni za usiku zinashusha watu mamia kwa wakati mmoja, na dakika kumi za kwanza ndizo bei za juu. Patana bei yote ya safari, pamoja na mizigo, kabla begi halijaingia ndani ya bajaji. Begi likishaingia mnaanza kujadiliana wewe ukiwa umeshakubali. Bajaji inabeba watu watatu. Ukiwa na begi mbili kubwa hesabu kwamba umeikodi yote. Daladala kuanzia saa tatu usiku zinapungua, usizitegemee.

Ukichagua basi, angalizo la Chalinze. Kuna Chalinze ya Pwani na kuna Chalinze Nyama ya huku Chamwino. Kondakta akiita Chalinze asubuhi bado uko mbali, akiita Chalinze baada ya Kibaigwa anza kukusanya vitu vyako. Mabasi yanaruhusiwa kusafiri usiku kucha tangu Oktoba 2023, kwa hiyo uliza saa ya kufika na si saa ya kuondoka tu. Basi la kufika saa tisa usiku ni la kukaa stendi hadi kupambazuke.

Godoro na vyombo: ukifika nunua huku, au vitume kwa basi la mizigo, kisha chukua kirikuu kutoka stendi hadi nyumbani. Kwa godoro moja na ndoo, guta linatosha na ni nafuu. Usijaribu Hiace. Haina buti, kitu chochote kisichokaa mapajani kinakaa kwenye siti, na siti inalipiwa.

Konda Mstaafu

Hili la mwisho niachieni mimi.

Kujulikana mgeni hakutokani na lafudhi. Mgeni anajulikana kwa noti ya elfu kumi saa kumi na mbili asubuhi. Konda ndiyo kwanza anatoka, mfukoni ana sarafu za jana tu. Atakwambia "utapata chenji mbele", na hiyo mbele ndiyo utashuka umesahau. Weka sarafu ya mia tano na ya mia moja mkono mmoja, mpe, hakuna mazungumzo. Ukitoa buku, unadai mia nne. Idai palepale wakati bado amekushika jicho. Akikuletea buku moja na kusema "gawaneni" wewe na jirani yako, mkubaliane kabla mmoja hajafika kwake. Wakishuka wawili vituo tofauti, mmoja ndiye anayelipia masomo ya mwenzake.

Mwanafunzi ni mia mbili, awe na sare au kitambulisho. Konda anayemwacha mwanafunzi kituoni kwa sababu ya mia mbili anavunja masharti ya leseni. Karatasi ya nauli inatakiwa ibandikwe ndani ya gari. Kama haipo, soma njia iliyoandikwa ubavuni, uandike namba ya gari na saa. Lalamiko lisilo na namba ya gari halina pa kuanzia.

Kupanda: sikiliza jina la MWISHO analoita. Konda anayeita "Nanenane Ihumwa" hafiki Mtumba hata kama gari limeandikwa Mtumba. Kushuka: usiseme "nishushe hapa". Gari linatembea, "hapa" yako imeshapita. Sema jina la kituo kimoja kabla ya kufika, kwa sauti ya kawaida: "Nanenane shusha." Majina ya vituo ni majengo, makanisa, vituo vya mafuta na miti ambayo mingine ilishakatwa, kwa hiyo siku ya kwanza jifunze jina la kituo chako na la kile kinachokitangulia. Hicho cha kabla ndicho muhimu zaidi, ndicho kinakuamsha.

Ukienda UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) siku moja, hospitali ya Benjamin Mkapa au kumtembelea mtu, usimwambie konda "UDOM" ukanyamaza. Chuo kile kimetawanyika juu ya vilima, ndaki na ndaki (yaani matawi yake) zimeachana mwendo mrefu wa miguu. Taja ndaki au taja hospitali. Ukishukia ndaki isiyo yako utapanda bodaboda kurudi na kumlaumu konda bure.

Siti. Mbele kwa dereva kwenye Hiace watu wanapagombania, lakini injini iko chini ya siti hizo, na mwezi wa Oktoba Dodoma haihitaji jiko la ziada. Ya nyuma kabisa inarusha kwenye matuta. Mstari wa pili, karibu na dirisha, ndiyo yenyewe. Na dirisha lipi? Barabara ya Dar inakwenda mashariki, kwa hiyo asubuhi unakutana na jua uso kwa uso na jioni unarudi nalo uso kwa uso. Mwezi wa Juni na Julai jua limeegemea kaskazini: asubuhi kaa kulia, jioni kaa kushoto. Desemba na Januari limeegemea kusini: asubuhi kushoto, jioni kulia. Wakati wa upepo na vumbi, kuanzia Juni, chagua siti nyuma ya dirisha linalofunga. Jaribu kulisukuma kabla hujakaa.

Suka wa Kizota

Konda kamaliza, ila kwa suala la injini nampa pole, sisi tunaikalia siku nzima.

Mwana Nkuhungu

Wakuu mmeiua Nkuhungu bila kesi. Kama mtu ana mwenza anayefanya kazi mjini, au ana watoto shuleni upande huu, gharama ya mtu mmoja kubadili gari inaweza kuwa ndogo kuliko familia nzima kuvuka. Na mtu wa Nkuhungu anaanzia stendi, anapanda gari la Mtumba pale linapojazwa, hana haja ya kugeuza nalo. Anakaa. Wa Kisasa anasimama. Hilo hamkulisema.

Pia barabara ya mzunguko ya nje, ile ya kilomita 112, inaunganisha Nala na Mtumba bila kupita mjini. Nala si mbali na kwetu.

Suka wa Kizota

La kukaa nakubali, umeshinda. Tena mgeni alizingatie: anayeanzia stendi analipa kwa muda, anayedandia njiani analipa kwa miguu.

La barabara ya mzunguko sikubali. Ile inawafaa malori ya Singida na Mwanza yasiingie mjini. Daladala inafuata watu, na kwenye mzunguko ule sehemu kubwa ni mashamba na viwanja vilivyopimwa. Gari likitoka Nala hadi Mtumba bila kuokota abiria njiani linajaza mara moja tu kwa kilomita zote hizo, hesabu ya bosi haitoki. Labda miaka ijayo nyumba zikishajaa. Mpango kabambe wa mji wa 1976 nao uliwaza mji wa mabasi na watembea kwa miguu, wenye njia za mabasi peke yake, na sisi bado tunagombania mlango wa Hiace.

mgeni_makao

Sina familia, niko peke yangu. Kwa hiyo nachukua Nzuguni, upande wa karibu na lami, na Jumamosi nakuja kuitembea hiyo njia kwa miguu kama mama alivyosema. Nitakuja kwa basi.

MamaTatu_Nzuguni

Jumamosi ni siku ya mnada Msalato, magari kadhaa yanahamia huko na mjini panabana, lakini upande wetu hutaona tofauti kubwa. Ila Jumamosi haikuonyeshi asubuhi ya kazi. Ukiweza njoo Ijumaa usiku kwa Nanenane ujionee taa za njiani zinaishia wapi, na Jumatatu saa kumi na mbili na robo asubuhi simama kituoni uhesabu: magari mangapi ya Mtumba yamepita, mangapi yamesimama. Yakipita sita na kusimama mawili, hapo ni pa kuamka mapema. Yakisimama manne, lipa kodi.

Na mwambie mwenye nyumba akuonyeshe korongo liko wapi. Usimwulize kama lipo.